Tuliobomoa Ukuta wa Mahame ya Kisauni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa jiwe. Nilikuwa nimetoka sekondari karibuni, na serikali ilitafuta vijana wa kutengeneza ukuta uliozunguka mahame ya mji wa kale, msituni nyuma ya Kisauni. Watu walihama zamani. Ukuta wa matumbawe ulibaki, mrefu kuliko mtu, na matundu yake ya kupigia bunduki.

Mnyapara wetu, Mzee Athmani wa Mkomani, alinipeleka kwenye shimo la chokaa. Chokaa ikitoka tanuuni huzimwa kwa maji, kisha hukorogwa na kulazwa shimoni hata ilainike kama samli.

"Wewe mwenye Kiingereza," akasema, "zungumza nayo. Ikikujibu, niite."

Baadaye nilipewa mwiko. Bwana Injinia, Mwingereza, alikuja na timazi yake kupima kama tumesimamisha sawa, akaondoka bila neno. Tulijua ameridhika.

Uhuru ulipokaribia, Injinia alirudi kwao. Akaja Bwana Msimamizi kutoka bara, mtu wa heshima. Alitueleza kwamba ukuta utavunjwa, mawe yakajenge shule, kwani watoto walisomea banda la makuti linalovuja. Nani angeipinga shule? Tingatinga lilikuwa njiani kutoka Changamwe.

Mzee Athmani, aliyekuwa akimsihi siku zote auache, sasa alimwomba jambo jingine.

"Bwana, tingatinga lisije. Tutaufungua wenyewe kwa mikono."

"Mzee, si wewe uliyekuwa hutaki uvunjwe?"

"Na hata sasa sitaki, wallahi. Lakini maiti huoshwa na watu wake."

Msimamizi akakubali. Tulianza juu, safu kwa safu. Sehemu tulizotengeneza sisi zilifunguka upesi, chokaa yetu ilikuwa changa. Zile za wahenga zilikataa. Jiwe na chokaa vilikwisha kuwa kitu kimoja, na kila tulipotia mtaimbo, jiwe lilisagika. Fundi wa shule alikuja kuyatazama mawe yetu, akatikisa kichwa. Shule ikajengwa kwa matofali ya simiti. Vifusi vyetu vilimwagwa kwenye mashimo ya njia ya Magogoni.

Mzee Athmani aliipita njia ile mara moja, makubadhi mkononi, peku. Hakurudi kazini. Nami niliacha.

Tangu hapo nimezunguka Pate, Tanga, Kilwa, nikipiga lipu nyumba za watu, nisitue popote. Vijana wakiniuliza, nawafundisha kuzima chokaa. Wakiniuliza nilijenga nini, sina pa kuwaonyesha. Na nikiwa Kisauni, nikitaka kwenda Magogoni, huzunguka kwa mbali. Ile njia ya karibu sijaweza kuikanyaga, hata peku.