Wageni wote wamekuwa Baba Mkwe

Leo ukoo mzima umekuwa baba mkwe wangu! 😂

Kadi ya harusi yangu nimeitengeneza mwenyewe. Kila mgeni anapata linki yenye jina lake mwishoni. Akibonyeza, kadi inamkaribisha kwa jina.

Nikatuma zote kwa mbwembwe.

Shangazi wa Igowole akapiga: "We mtoto, mimi Baba Mkwe tangu lini?"

Jamani! Kwenye kiolezo cha linki niliandika "Baba Mkwe" kujaribia, nikasahau kuweka sehemu ya kuvuta jina la kila mtu.

Narekebisha, akapiga baba mkwe mwenyewe, yule anayesemaga kompyuta si kazi.

Nikasimama kupokea.

"Mwanangu, kadi nimeiona. Haina kosa hata moja!"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

Atakayemwambia, linki yake naifuta.