Marahaba ya Mzee Anaeli

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya masikio, pua na koo nilikabidhiwa taa ya spiriti na kioo kidogo chenye mkono mrefu, mithili ya kijiko cha mtoto kilichopinda shingo. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi juzi tu, gauni jeupe limepigwa wanga mpaka linakwaruza, na moyoni nilitegemea kupelekwa wodi ya wazazi, ambako muuguzi hukumbukwa na watu mpaka anazeeka. Matroni akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Aikande, una mikono mitulivu wewe. Nenda kwa Daktari Bingwa ukapashe vioo."

Nilidhani naadhibiwa. Nyie mnaofanya kazi na kamera inayopita puani mkaona koo zima kwenye skrini hamjui habari za vioo, acheni niwaambie. Kioo kikiingia kinywani kikiwa baridi kinashika ukungu wa pumzi, na daktari haoni chochote. Kwa hiyo unakipitisha juu ya moto wa taa, kisha unakigusisha mgongoni mwa mkono wako mwenyewe. Kikikuunguza wewe, kitamuunguza na mgonjwa. Kikipata joto la mkono wa mtu, hapo kiko tayari. Dirisha letu lilitazama Mlima Meru, na asubuhi nyingi mlima wenyewe ulikuwa ndani ya ukungu. Nilikuwa nasimama pale na taa yangu, nikipasha na kungoja, mpaka nikawa sijui kama nangoja kioo kikauke au mlima ufunguke.

Daktari Bingwa alikuwa mama wa Kilimanjaro, mfupi, mkali, mwenye sauti ya chini ambayo hakuhitaji kuipandisha. Alikuwa na desturi moja. Mgonjwa akikaa kitini, yeye hakuchukua kioo kwanza. Alifumba macho na kusema, "Niambie umekujaje hapa." Mgonjwa anasimulia alivyotoka kwao, barabara ilivyokuwa, nani kamsindikiza, na mama yule amefumba macho tu, anasikiliza. Mwanzoni nilifikiri anasinzia. Baadaye nikagundua anapima sauti: kama inakwaruza, kama inavuja hewa, kama imebanwa na kitu. Zoloto, lile gegedu la shingoni linalobeba nyuzi za sauti, likiota uvimbe, husema lenyewe kabla hujalitazama. Nikaanza na mimi kusikiliza. Mpaka leo sura za watu zinanipotea, lakini sauti zao ninazo. Zinakuja mchana nikiwa nachambua kahawa, moja moja, bila kubisha hodi.

Wakati huo saratani za kichwa na shingo zilikuwa hazina mwenyewe. Mpasuaji yuko huku, daktari wa mionzi yuko Dar es Salaam, mtaalamu wa kupima vinyama yuko kwingine, na mgonjwa anazungushwa katikati mpaka uvimbe unamshinda. Ndipo madaktari wa koo wa nchi nzima walipounda chama chao. Sisi wauguzi tulikiita Chama tu. Watu wengine walicheka, wakasema ni mikutano ya chai na picha. Hawakukaa ndani wakaona. Chama ndicho kilicholeta kikao cha pamoja, yaani mgonjwa mmoja anajadiliwa na wote kwa mpigo, mpasuaji, wa mionzi, wa vinyama, na muuguzi wake, kabla hajaguswa na kisu. Na Daktari Bingwa wetu alishikilia jambo moja mpaka likakubaliwa: mwenye koo lake naye awepo.

Jambo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa kimeo. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kwetu, mtu akikohoa sana au sauti ikimkauka, jirani hasemi nenda hospitali, anasema kimeo kimeshuka, kakikate. Na wakataji walikuwepo, watu wazima wa heshima zao, wana wembe na dawa za miti. Mtu anakatwa, anatapika damu kidogo, anapata nafuu ya kujidanganya, anarudi shambani. Uvimbe uko chini kabisa kwenye zoloto, haujui hata kama kimeo kimekatwa.

Hivyo ndivyo alivyotufikia Mzee Anaeli. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Nkoaranga, mzee wa kanisa, mrefu, kofia mkononi. Amekatwa kimeo, hakupona, akaambiwa hakikukatwa vizuri, akakatwa kilichobaki. Daktari Bingwa akafumba macho.

"Niambie umekujaje hapa, mzee wangu."

Sauti iliyotoka ilikuwa nusu pumzi. Kila akivuta hewa kulikuwa na mluzi. Daktari hakumwacha amalize. Alifumbua macho, akaninyooshea mkono apewe kioo, na nikaona uso wake ulivyobadilika.

Kipande cha uvimbe kilikatwa, kikapimwa, majibu yakaja. Ni saratani, imeshika nyuzi zote mbili, lakini haijatoka nje ya zoloto. Bado kulikuwa na njia: kutoa zoloto lote, kumtengenezea tundu la kudumu shingoni la kupumulia, halafu mionzi Dar. Angepona. Ila sauti ingekwenda pamoja na zoloto, isirudi.

Mzee Anaeli akakataa. Hakugomba, alitikisa kichwa tu. Tulimwambia uvimbe utaziba njia ya hewa. Akatikisa. Mchungaji wake akaja, akatikisa. Mkewe, Mama Neema, mama wa Kiarusha kutoka upande wa Elerai, alikuwa amekaa naye benchi la nje, shuka begani, hasemi kitu. Kila siku mluzi uliongezeka. Wote tulifikiri anaogopa kisu.

Kikao cha pamoja kilikaliwa kwetu safari hiyo, na Rais wa Chama mwenyewe alikuja. Mtu mzito yule, mnene, mtaratibu. Tulimkalisha Mzee Anaeli mbele, mkewe pembeni yake, mimi nyuma yao. Madaktari wakawa wanaingia, na kwa kuwa walilelewa vizuri, kila mmoja alimpitia mzee kwanza. "Shikamoo, mzee." Naye alimjibu kila mmoja. Anakusanya hewa, mabega yanapanda, mluzi unalia, halafu "marahaba" inatoka imechanikachanika. Anafuata mwingine. Midomo yake ilianza kuwa ya bluu.

Daktari Bingwa akasimama. "Mwacheni. Mtu asimsalimie tena."

Akaja akachuchumaa mbele yake, mama mtu mzima yule, akamshika magoti.

"Mzee, pumzi imebaki kidogo hivi, na unaimalizia kwenye marahaba. Hiyo ndiyo inayokuzuia?"

Kwa mara ya kwanza Mzee Anaeli aliitikia kwa kichwa. Machozi yakamteremka yenyewe, hakuyafuta.

"Nakaa getini asubuhi," akasema, kipande kwa kipande. "Wajukuu wakienda shule wanapita. Wa kwangu, wa ndugu zangu. Wananisalimia. Mtoto akikusalimia usimjibu, umemnyima baraka. Wataondoka hivyo hivyo kila siku? Mimi nimekaa tu, nawaangalia?"

Nilitazama dirishani, mlima haukuonekana, na nakumbuka niliona haya kwa niaba yetu sote kwamba tulimwita mwoga. Rais wa Chama alivua miwani yake.

"Mzee, sitakudanganya," akasema. "Sauti hii siwezi kukurudishia. Kuna nyingine, watu hujifunza kuitoa kwenye umio, njia ya chakula. Ni ngumu, ni mbaya kuisikia, na wengine hawaipati kabisa. Zaidi ya hapo sina cha kukuahidi."

Hapo ndipo Mama Neema alipofungua kinywa. Hakutuangalia sisi, alimwangalia mumewe.

"Baba Neema, kwetu mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea mkono. Baba yangu alikuwa hivyo. Siku nyingine hata hakusema neno, na sisi tulienda machungani tumeshiba baraka. Wewe mkono huna?"

Mzee akageuza viganja vyake juu, akavitazama, vile viganja vyeusi vya utomvu wa migomba, kama anaviona leo.

"Waleteni kwanza," akasema.

Hatukuthubutu kumrudisha nyumbani na koo lile. Kwa hiyo wajukuu wakaletwa hospitali, na sare zao za shule, wakapangwa kwenye majani nyuma ya kliniki. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale mepesi ya Arusha yasiyolowesha. Mtoto mmoja mmoja alisogea, shikamoo babu, na kila mmoja akapata marahaba yake na mkono kichwani. Alipomaliza akawaambia, na mimi nilikuwa nimemshikia bega, nilisikia kila neno: "Nikirudi, mkinisalimia, msikimbie. Subirini. Jibu litakuja, ila litachelewa njiani."

Asubuhi iliyofuata akapasuliwa.

Chama kilikuwa kimenipeleka masomo mafupi ya kufundisha wagonjwa wa namna yake kusema tena, na yeye alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Aliporudi kutoka kwenye mionzi, amekonda, shingo imebabuka, tukaanza. Kanuni ni hii: unameza hewa, unaizuia pale juu ya umio, unairudisha, na inaporudi unaikata kwa ulimi na midomo iwe neno. Kwa lugha ya kawaida ni kucheua. Ili hewa ipatikane kirahisi tulimpa soda. Sasa hebu fikirieni, mzee wa kanisa, mtu wa kukunja leso, anaambiwa na msichana anywe soda acheue mbele yake. Alikataa katakata. Akaniandikia kwa kidole kwenye meza: AIBU.

"Basi geukia ukutani, baba," nikamwambia. "Mimi nitageukia dirisha."

Tulifundishana hivyo, migongo imetazamana. Wiki zikapita bila kitu. Nilikuwa nakata tamaa, nasema ukweli, ila sikumwonyesha. Nyumbani watoto walisimama getini, wakasalimia, wakasubiri, na walichopata ni mkono. Mama Neema aliniambia hawakukimbia hata siku moja. Mzee alikuwa anawawekea mkono huku amefungua kinywa, anajaribu.

Halafu asubuhi moja mimi nimetazama mlima wangu, ukungu umekaa kama kawaida, nikasikia nyuma yangu sauti isiyo ya mtu yeyote ninayemjua. Nzito, ya chini, kama inatoka kwenye pipa. Ilisema, "Ma." Ikanyamaza. Ikavuta. "Ra." Nilishika kizingiti cha dirisha. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka itaondoka. "Ha" haikutoka kabisa ile, ilikuwa upepo tu. Kisha "ba."

Sikuwa nimemsalimia siku hiyo. Alikuwa ananilipa salamu za nyuma zote.

Nililia, na yeye akaninyooshea soda yake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Daktari Bingwa alimwita kwenye vikao, akae na wagonjwa wanaotikisa kichwa, na yeye aliwasalimia kwa sauti ile ya pipa, akawaacha waulize wenyewe. Chama kiliwaalika hata wazee wakata vimeo, wakapewa viti vya mbele na chai, wakafundishwa kwamba sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu wasishike wembe, wamlete mtu kliniki. Wengine walituletea wagonjwa, wengine walikunywa chai wakaenda zao. Ndiyo kazi. Matroni alistaafu, Daktari Bingwa akastaafu, mimi nikawa sista mkuu wa kliniki, na vioo vikafungiwa kabatini siku kamera zilipofika. Siku hizi vikao vyenu ni vya skrini, daktari yuko Mwanza anaona koo la mtu wa Sokon hapa Arusha. Nafurahi, msinione nanung'unika. Nawaomba tu msisahau kumuuliza mtu amekujaje hapo, na mfumbe macho akijibu.

Nimestaafu, naishi huku huku mteremkoni, nina migomba yangu na miguu inayolalamika. Mzee Anaeli alikufa kwa uzee wake, amelala, na Mama Neema akamfuata.

Juzi nilikuwa napanda kanjia ka kwenda kanisani, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa. Akatokea mtoto wa kike na mkoba wa shule. Watoto wa siku hizi mnawajua, shikamoo yenyewe wanaitupa wakiwa wameshakupita. Huyu alisimama. Akasema, "Shikamoo, bibi," akainamisha kichwa, akatulia. Mimi nilikuwa natafuta pumzi kwa kile kilima, nikachelewa. Hakuondoka. Nilimwona anasubiri, bila wasiwasi, kama mtu aliyezoea.

"Wewe wa kwa nani?" nikamuuliza.

"Wa kwa Mzee Anaeli."

Nikahesabu umri wake kwa macho. Hakuwahi kumwona mzee yule.

"Na mbona umesimama hivyo, mama? Nani kakwambia usubiri?"

Alifikiri kidogo, kichwa bado kimeinama.

"Hakuna. Kwetu tunasubiri tu."

Nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake, nywele zimelowa ukungu. Nikameza hewa, nikaishika, kama nilivyomfundisha babu yake, halafu nikamjibu taratibu, kipande kwa kipande, na hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.