Mzani wa Uwanja wa Ndege

Juzi bodaboda ilinipitisha kando ya ule uwanja mdogo wa ndege. Mbuzi walikuwa wanakula majani katikati ya njia ya kurukia. Nikamwomba dereva asimame. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Pale siwezi kutulia.

Labda wewe hukuijua ile ndege. Ilikuwa ikija Morogoro kila Jumanne na Ijumaa, ikichukua watu wachache kuwawahisha Dar kwenye ndege kubwa za kwenda mikoani. Mlinzi akipiga filimbi, watoto tuliokuwa karibu tulifukuza mbuzi watoke njiani.

Mwaka mmoja mama alilazwa hospitali Mwanza. Mjomba akatukatia tiketi mbili, ya bibi na yangu. Bibi alikuwa amesikia kwamba mizigo hupimwa. Basi akavaa magauni matatu na kanga nne, na ndani ya kila kanga akafunga njegere kavu za kumpelekea mama. Kikapu kikabaki chepesi. Tulishuka kutoka kwetu mlimani toka alfajiri, bibi ananukia moshi wa jikoni, njegere zinalia kila hatua.

Uwanjani, mpima mizigo akapima kikapu, akaridhika.

“Haya bibi, sasa panda wewe.”

“Mimi tena? Si umeshapima mzigo?”

“Abiria naye anapimwa. Ndege ni ndogo hii.”

Mwalimu wangu, aliyekuwa anasafiri pia, akacheka. “Bibi, leo unauzwa kama kabichi!”

Bibi hakucheka. Alifungua kanga moja moja, njegere zikatawanyika kwenye sakafu, mimi nikiziokota kwa aibu. Akapanda mzani. Rubani akapiga hesabu, akatikisa kichwa. Uzito bado ulizidi. Mmoja wetu abaki.

“Nenda kamwone mama yako,” bibi akaniambia. “Mwambie nakuja Ijumaa.”

Akanijaza njegere mfukoni. Mwalimu akanishika mkono. Dirishani nilimwona bibi akipungua, kanga zote begani.

Ijumaa ndege haikuja. Wala Jumanne. Kampuni ya ndege ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyepanda mlimani kumwambia bibi. Alishuka mara tatu na kikapu chake, akakaa karibu na mzani, akarudi. Mama alipona, tukarudi naye kwa basi. Bibi alifariki bila kupanda ndege.

Juzi nilishtukia niko katikati ya uwanja, nawafukuza mbuzi.

“Vipi, kuna ndege inakuja?” dereva akauliza.

Nikaendelea kuwafukuza mpaka wa mwisho akatoka.