Vyombo Vikavu

Leo fundi amemwagilia maji ukuta wangu mpya, na harufu ya saruji mbichi ikanirudisha Magomeni. Tulihamia nyumba yetu haina milango wala sakafu, ila bati tu, ambalo baba aliliezeka mwenyewe. Mvua ya kwanza ilipoanza, mama akapanga sufuria na mabeseni chini, kama alivyozoea kwenye nyumba ya makuti. Baba akatoka nje, akasimama analowa, hataki kuona.

Mvua ilipokatika, mama alipitisha mkono ndani ya kila chombo.

“Baba watoto, njoo ndani bwana! Halijavuja hata tone.”

Baba akaja. Sakafu ilikuwa bado mchanga mtupu, lakini alivua ndala mlangoni kwanza, ndipo akaingia.