Sweta ya Kompyuta

Juzi nilikuwa Thika nikitafuta chaja ya simu, nikajikuta kwenye uchochoro ambako zamani walikaa mafundi wa redio. Sasa ni maduka ya simu matupu. Lakini kijana mmoja alikuwa akichomelea waya mlangoni, na ile harufu ya lehemu iliponifikia, nilijiona tena msichana wa miaka kumi na miwili. Wacha nikuambie kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alikuwa na ofisi ya kupiga chapa Ruiru, chumba kimoja kilichopakana na posho mill. Kinu kilinguruma kutwa, na unga ulitua kila mahali. Mama aliwaandikia watu barua za kuomba kazi viwandani na programu za mazishi, kwa kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Kabla ya hapo alikuwa akichuma kahawa kwenye mashamba ya wenyewe, mvua imnyeshee, jua limpige. Kompyuta ile ndiyo iliyomtoa huko.

Unazikumbuka nyumba zetu za wakati huo: kila kitu kilivalishwa kitambaa. Redio, viti, hata jagi la maji. Nyanya, tuliyemwita Cucu, alipoona kompyuta iko uchi, aliifumia sweta ya manjano na kijani, nzito, yenye kushuka hadi mgongoni. Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kuivua asubuhi, kupangusa unga na kuivalisha tena jioni.

Jumamosi moja mama aliondoka kupeleka programu kwa wafiwa, akaniacha nikipiga chapa. Unga ulikuwa mwingi siku hiyo. Nikaona heri niivalishe kompyuta sweta yake huku inafanya kazi, nikajiona mwerevu kweli. Kufika saa sita, plastiki ilikuwa inanuka kuungua na kioo kimekuwa cheusi. Niliivua sweta, nikaikunja vizuri, nikaketi. Mama aliporudi nilimwambia imejizima tu.

Siku mbili nzima nilikwepa macho yake. Siku ya tatu tulilibeba kasha la kompyuta hadi Thika, limefungwa kwa shuka.

Fundi alikuwa mzee Mwislamu wa kofia nyeupe, mpole wa sauti. Alilifungua kasha, akanusa.

"Motherboard imekwenda, mama," akasema, akituonyesha ule ubao wa kijani unaobeba vitu vyote vya ndani. Pembeni ulikuwa na doa jeusi. Akatoa nyingine mbili kwenye katoni. "Hii ni safi, na inachukua memory zako zilezile. Hununui kitu kingine. Hii ingine imechomelewachomelewa, lakini ni nusu bei."

"Nipe hiyo safi."

"Ngoja kwanza. Iliyokufa imeuawa na joto. Feni naona inazunguka, lakini kama husimama ikishika moto, hata hii safi itaungua. Ningekuwa wewe, ningechukua ya nusu bei, na pesa zinazobaki ninunue feni mpya."

"Na hiyo ya kuchomelewa itakaa?"

"Mwezi, mwaka. Siwezi kukudanganya."

Mkono wa mama ukaenda kwenye ile ya kuchomelewa, nami nikamwona tayari amerudi kwenye kahawa, kikapu kiunoni. Nilimwogopa mama kuliko polisi, na kumwaibisha mbele ya mgeni kulikuwa kosa la pili.

"Feni ni nzima," nikasema. "Ni mimi. Niliiacha na sweta ikifanya kazi."

"Sweta?" fundi akauliza.

"Ya Cucu," nikasema, machozi yakaanza.

Mama alinitazama. "Wewe msichana, tutaongea nyumbani." Mtoto yeyote wa Ruiru anajua maana ya maneno hayo. Kisha akamgeukia fundi. "Hiyo safi."

Fundi aliifunga, tukalibeba kasha kurudi Ruiru. Ofisini mama aliunganisha nyaya, akabonyeza, na maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo. Mama alijifunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja kiboko.

"Nenda upike chai," akasema.

Basi. Niliyangoja maongezi hayo miezi mingi, nikishtuka kila aliponiita jina.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, nilimuuliza kwa nini hakunichapa. Alicheka mpaka akakohoa. "Ningekuchapa na mikono gani? Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka. Hata sikujua motherboard ni nini. Nilikuwa naitikia tu, huyo mzee asijue."

Na mimi niliyedhani haogopi kitu!

Posho mill ilibomolewa, pamejengwa ghorofa. Mafundi wale wametawanyika, na mama ametangulia. Kiboko kile sikiwazi tena. Kinachoniuma ni kwamba tulisimama pale wawili mbele ya katoni, kila mmoja akiogopa peke yake. Ningejua, ningemshika mkono.