Mistari kumi na mmoja iliyoyeyuka mikononi mwa Pétronille

Saa mbili kasorobo asubuhi, Pétronille Nabintu anapita katikati ya Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka na saluni jijini Brussels, akiwa amekumbatia kioo cha saluni kilichofungwa kwenye kitenge. Saluni nyingi hazijafunguliwa. Kioo ni cha Mignonne, msusi rafiki yake, aliyemwazima jana jioni kwa onyo moja.

"Ukikipasula, Maman Pétro, baclientes bangu batajiona wapi? Mu dirisha ya bus?"

Jana Pétronille hakucheka. Leo pia anatembea karibu na ukuta, polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Hajapaka losheni, ingawa baridi ya Januari imempasua vidole. Siku atakayogusa daftari hapaki kitu chenye mafuta.

Pétronille, mwenye umri wa miaka 57, ni fundi wa kukarabati vitabu na karatasi za zamani. Anafanya kazi katika karakana ndogo nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, yenye meza tatu na dirisha moja kubwa. Humo haruhusiwi mtu kuingia na chai, wala birika la maji ya moto.

Daftari linalomkosesha usingizi lina kurasa 112. Liliandikwa mwaka 1944 na muuguzi Mkongomani ambaye jina lake halimo popote ndani yake.

Mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, divisheni ya askari wa miguu katika jeshi la Uingereza, ilishuka Bonde la Kabaw nchini Burma ikiwafukuza Wajapani. Nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Askari wake wengi walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mvua haikukatika, magari yalizama kwenye matope, na majeruhi walibebwa kwa machela.

Miongoni mwa waliowapokea majeruhi hao walikuwamo wauguzi wa hospitali ya kivita iliyotoka Kongo ya Wabelgiji. Mmoja wao ndiye aliyeandika daftari hili: jina, namba ya askari, mahali alipoumia, na mwisho neno moja la Kiswahili la kueleza yaliyompata. Amerudi. Amekufa. Amebebwa.

"Amebebwa, ni kusema banamupeleka nyuma, ku hospitali kubwa," anaeleza Pétronille. "Niliona ile neno mara mingi. Sasa ninaisoma hata mu ndoto."

Daftari lilikaa miaka mingi kwenye sanduku la daktari mmoja Mbelgiji. Binti yake, Frieda, mwenye miaka 84, alilikuta likiwa limelowa baada ya maji kuingia kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Kurasa zilikuwa zimegandana kama tofali.

Pétronille hakusomea kazi hii chuoni. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1999 alishuka kwenye stesheni ya treni ya Gare du Midi akiwa na watoto wawili na begi moja, akangoja karatasi za ukimbizi kwa miaka minne, kisha akasafisha ofisi kwa miaka saba. Karakana hii pia aliingia kama msafishaji.

"Alikuwa anafagia, halafu anasimama nyuma ya mgongo wangu na ufagio," anakumbuka Stijn, mwenye karakana. "Siku moja aliniambia uzi wangu wa kushonea kitabu umelegea. Nikauangalia. Ulikuwa umelegea kweli."

Kurasa arobaini za kwanza alizifungua vizuri. Ziliandikwa kwa wino mweusi usioogopa maji. Aliweka kitambaa chenye unyevu, akasubiri, kisha akapitisha kisu butu cha mfupa katikati ya karatasi. Ukurasa mmoja kwa siku.

Ukurasa wa 41 ulikuwa tofauti. Wino wa muuguzi ulikuwa umekwisha, naye akaendelea kwa penseli. Pétronille aliona rangi ya kijivu, akaamini ni penseli ya kawaida, ambayo maji hayaiwezi. Fundi anatakiwa kujaribu kwanza kwenye nukta moja, pembeni, kwa pamba. Hakujaribu.

"Kurasa arobaini zilienda bien. Nikajisemea, hii nayo ni ndugu yao," anasema. "Bon. Nikaweka maji. Rangi ikaanza kutembea. Zambarau! Ikatembea kama muntu ameamuka mu usingizi."

Ilikuwa penseli ya kopi, ile ambayo ikikauka ni ya kijivu na ikilowa inageuka zambarau. Kinachomuuma ni kwamba penseli hiyo aliijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa karani wa kupima kahawa huko Kivu, na kila siku ya mnada aliilamba ncha ya penseli kabla ya kuandika.

"Alikuwa anarudi nyumba na ulimi ya zambarau. Siye batoto tunacheka. Na mimi, mutoto yake, ndiye niliweka maji!"

Aliushindilia ukurasa kwa karatasi ya kunyonya ili kuzuia rangi isienee. Alipoiinua, mistari kumi na mmoja, watu kumi na mmoja, ilikuwa imebaki doa moja. Alimwambia Stijn siku hiyo hiyo, naye akaamua daftari lisiguswe tena hadi watakapopata njia isiyotumia maji. Ile karatasi ya kunyonya Pétronille aliificha chini ya aproni, kwenye droo yake. Hakutaka kuiona.

Wiki tatu baadaye mlango wa karakana ulifunguliwa na Zaituni Ngonyani.

Zaituni, mwenye miaka 44, ni Mtanzania wa Songea na muuguzi hapa Brussels. Alikuwa amesikia habari za daftari kwa Frieda, mmoja wa wagonjwa anaowahudumia majumbani. Babu yake, Shaweji Ngonyani, aliondoka Songea mwaka 1943 na kikosi cha Tanganyika, mkewe akiwa mjamzito. Barua yake ya mwisho, iliyoandikwa na rafiki kwa niaba yake, ni ya mwezi Oktoba 1944: wako bondeni, mvua inanyesha, viatu vimeoza.

Baada ya hapo, kimya. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, na mmoja wao akasema kilabuni kwamba Shaweji alitoroka. Familia haikuwa na karatasi ya kumpinga.

"Baba yangu alizaliwa babu akiwa vitani. Ana miaka 82," anasema Zaituni. "Shuleni walimwita mtoto wa mtoro. Hata juzi, kwenye kikao cha harusi, mzee mmoja alimtania kwamba ukoo wenu mna mbio sana. Watu wakacheka. Baba akaondoka bila kula."

Zaituni alipouliza daftari ni la tarehe zipi, Pétronille alitazama droo yake. Ukurasa wa 41 ulianza tarehe 29 Oktoba.

Alingoja siku nne. Siku ya tano alimpigia simu Zaituni, akamkalisha kwenye kiti cha pembe ya dirisha, akamweleza yote: maji, rangi, doa.

"Nilimuambia, maman, labda jina ya babu yako ni miye niliiua. Yeye anafunga tu koti yake. Heri angenitukana."

Zaituni anakiri kwamba alikasirika. "Nilitaka kuondoka. Lakini kazi yangu ni uuguzi. Sisi hatutupi bandeji kabla ya kuangalia kilichotoka. Nikamuuliza, hiyo karatasi uliyokaushia iko wapi?"

Droo ilifunguliwa. Chini ya aproni, mistari kumi na mmoja ya zambarau ilikuwa imejichapa kwenye karatasi ya kunyonya, kinyumenyume. Penseli ya kopi ilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa: ilowe, iachie nakala. Kusomeka kwake kulihitaji kioo kikubwa kisicho na mkwaruzo.

Ndiyo maana leo kioo cha Mignonne kiko mezani, kimeegemezwa kwenye vitabu viwili. Stijn anasogeza taa. Zaituni amekaa na koti lake, kana kwamba anaweza kuondoka wakati wowote.

"Mama, soma wewe," anasema. "Ila soma Kiswahili cha watu. Chako kina mashimo kama barabara ya kijijini."

"Na yako inavaa cravate mu shingo," Pétronille anajibu. Wote wawili wanatabasamu, kisha tabasamu linakatika.

Mstari wa kwanza unasomeka: jina la Mnyasa, paja, amerudi. Wa pili, amekufa. Wa tatu hausomeki. Rangi imeenea kama wingu. Pétronille anauruka, kisha anaurudia, kisha anauacha. Wa nne, amerudi. Wa tano, amekufa. Kidole chake kinatembea hewani juu ya kioo bila kukigusa.

Wa sita nao hausomeki. Wa saba, mwanzo wa jina umefutika.

"Weji," anasoma. "Kitu… weji. Namba, mwanzo sioni. Mwisho, six cent vingt-sept."

"Sema kwa Kiswahili, Mama. Tafadhali."

"Mia sita makumi mbili na saba."

Zaituni ameshika meza. Namba ya babu yake imeandikwa nyuma ya barua ile, na baba yake aliwakaririsha watoto wote. Inaishia na 627.

"Endelea."

"Tumbo." Pétronille anasogeza uso karibu na kioo, anajizuia kupumua. Anasoma neno la mwisho kimoyomoyo kwanza, mara mbili, kama alivyojifunza kwa gharama. "Amebebwa."

Nje basi linapita, dirisha linatikisika.

Zaituni anapiga simu Songea. Inaita mara nyingi kabla mzee hajapokea.

"Shikamoo baba. Nimempata… Hapana, baba, sikiliza. Hakutoroka. Alijeruhiwa tumboni. Alibebwa."

Kisha sauti ya mzee inasikika, kavu, ikiuliza swali moja. Zaituni anamgeukia Pétronille.

"Anauliza, alibebwa wapi?"

Pétronille hajui. Anaipitia mistari minne ya mwisho kwenye kioo: yote inasomeka, lakini hakuna unaotaja mahali. Jibu, kama lipo, limo katika kurasa 71 ambazo bado zimegandana, zote labda za penseli ile ile. Kuanzia Jumatatu Stijn amemruhusu kuzifungua bila tone la maji, kwa kisu cha mfupa na hewa kavu peke yake. Anakadiria kufungua upana wa kidole kimoja kwa saa. Safari hii atajaribu kila pembe kwanza, anasema, hata kama kurasa mia zitakuwa zinafanana.

"Muambie papa angoje. Na ile mistari mbili haisomeke, nayo iko na batu yabo banangoja mahali," anasema.

Anaifunga karatasi ya kunyonya ndani ya bahasha safi. Hairudishi chini ya aproni. Anaiweka rafuni, karibu na daftari. Kisha anachukua penseli ya kawaida, anaigusa kwenye pamba yenye maji ili kuhakikisha haigeuki zambarau, na juu ya bahasha anaandika neno moja: Isitupwe.