Waya wa Erthi Niliochomoa kwa Wivu

Kosa ni langu, na msinitafutie sababu. Sababu ninazo nyingi, zote za kijinga.

Mimi ni fundi wa tivii hapa Busia, fundi wa sebuleni. Sipendi kutoka. Mke wangu Athieno husema nikifa nitaomba nizikwe chini ya kochi.

Kaka yake alikuja kukaa nasi kutoka Iyolwa, upande wa Uganda, akaja na osiloskopu, boksi zito la chuma lenye kioo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Basi wateja wakaanza kuvuka mpaka na mashine zao za kuchomelea, wanakaa kwenye kochi langu, wanauliza, "Injinia yuko?" Nikisema niko, wananiambia, "Si wewe, mzee. Yule mwingine."

Nilivumilia. Lakini siku Athieno alipopika kuku na firigisi ikaenda kwenye sahani ya kaka yake, uvumilivu uliisha. Firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anajua.

"Ametengeneza friji," Athieno akasema. "Wewe umeitazama mwaka mzima."

Shemeji alikuwa na sharti moja. Kabla ya kupima upande wa umeme mkubwa, mashine ya mteja ipitie transfoma ya kutenganisha, inayoitenga na umeme wa ukutani, isichomekwe ukutani moja kwa moja.

"Kibanio cha waya wa kupimia wa osiloskopu kimeungana na erthi, shemeji, ule waya wa kwenda ardhini. Ukikibana huko bila transfoma, ni shoti."

Siku moja alienda Tororo kuichukua hiyo transfoma, alikuwa amemwazima mtu. Mteja wa Osukuru akafika na mashine ya kuchomelea, ana haraka. Nikajiuliza, nimsubiri shemeji aje azoe sifa nyingine?

Nikafungua plagi ya osiloskopu, nikachomoa waya wa erthi. Ni ujanja wa mafundi wavivu. Kisha nikachomeka mashine ya mteja ukutani moja kwa moja, nikabana kibanio. Shoti haikutokea, wimbi likaja kwenye kioo, safi kabisa. Ila boksi lote la chuma sasa lilikuwa na umeme uliopitia kibanio, bila njia ya kwenda ardhini, na nilijua. Ndiyo maana mkono wangu mmoja ulikuwa mfukoni, usije ukagusa boksi umeme ukanipita kifuani.

Shemeji akaingia, transfoma begani. Akaona wimbi, uso ukamng'aa.

"Shemeji, leo umenifunga bao!" Akaweka transfoma chini, akainama atazame, mkono ukielekea kwenye boksi.

Nafasi ya kusema "usiguse" nilikuwa nayo. Lakini sifa ilikuwa bado tamu, na kumwonya ni kukiri ujanja wangu.

Umeme ukamnasa. Nikaruka nikazima swichi ya ukutani, akaanguka. Athieno alipokuwa akimpepea, mimi nilirudisha waya kwenye plagi. Nikasema, "Hii mashine yako ni kuukuu, shemeji."

Akaamini. Mkono wake wa kulia unatetemeka mpaka leo, hawezi kulehemu. Osiloskopu aliiuza kama chuma chakavu, akarudi Iyolwa kulima. Athieno anawaambia watu kanisani kwamba nilimwokoa kaka yake. Nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Mafundi wenzangu, msichomoe waya wa erthi. Tumieni transfoma, tumieni probu, ile ncha ya kupimia, inayostahimili voltiji hiyo, na kapasita zinazohifadhi umeme ziumalize kabla hamjagusa. Na ukimwonea mtu wivu, mwambie usoni, mgombane, yaishe.

Mimi wateja wote wamenirudia. Kila anayebisha hodi, naogopa ni shemeji, amekuja tena na mihogo kunishukuru.